Benjamin Thompson Rumford (1753–1814): Maisha ya Mjenzi wa Jiko la Ukutani

Utangulizi

Katika eneo la Plateau, nje ya mji wa Eldoret, siku huanzia jikoni. Nyanda hizi za juu zina baridi kali, hasa mwezi wa Julai, na mgeni abishaye hodi asubuhi na mapema hukaribishwa kwanza penye moto kabla ya kukaribishwa sebuleni. Mwandishi wa makala haya alilelewa katika jiko la namna hiyo. Palikuwa na mafiga matatu katikati ya chumba, chungu juu yake, na moshi uliotanda mpaka paa likawa jeusi kwa masizi. Bibi yetu alipika hapo miaka mingi. Macho yake yalikuwa mekundu asubuhi na jioni, na kikohozi chake tulikizoea hata tukakitumia kumtambua gizani. Baadaye akina mama wa jirani walikuja na udongo, mawe na maji, wakamjengea jiko lililoshikana na ukuta. Moto ukaingizwa ndani, sufuria mbili zikakalishwa juu ya matundu, na kwa mara ya kwanza tukaona ukuta wa upande wa pili wakati ugali unapikwa.

Jiko la aina hiyo si jambo dogo. Nyuma yake pana wazo ambalo binadamu alichukua muda mrefu kulifikia, nalo ni kwamba mpishi hahitaji moto mkubwa zaidi ila moto uliofungwa vizuri zaidi. Katika maandishi ya kisayansi ya Ulaya, mtu aliyelipima wazo hilo kwa vipimo, akalieleza kwa michoro na kulijenga kwa matofali ni Benjamin Thompson, maarufu kwa jina la Rumford. Makala haya yanakusudia kusimulia maisha yake. Hatudai kwamba majiko ya udongo ya kwetu yalitokana naye, kwani jamii nyingi zilifikia maarifa hayo kwa njia zao. Tunachotaka kuonyesha ni jinsi mtu mmoja alivyoweza kuuelewa moto kuliko wote wa wakati wake, na bado jiko lake likashindwa kuingia katika nyumba za wale aliosema amewakusudia.

Huenda msomaji akauliza, jiko lina uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili? Uhusiano upo. Lugha yetu humwita mke jiko, na mwanamume aoaye husemwa kuwa amepata jiko. Methali yetu nayo hutufundisha kwamba figa moja haliinjiki chungu. Tutakapoyafuata maisha ya Rumford tutamwona mtu aliyejenga majiko mengi na asiweze kukaa katika lake.

Kuzaliwa na Ujana Wake

Benjamin Thompson alizaliwa tarehe 26 Machi 1753 katika mji mdogo wa Woburn, Massachusetts, wakati Marekani ilipokuwa bado koloni la Uingereza. Baba yake, mkulima, alifariki mtoto akiwa hajatimiza miaka 2. Alipofika umri wa miaka 13 alipelekwa Salem kuwa mwanagenzi katika duka la mfanyabiashara mmoja. Huko dukani alionekana kupenda vyombo na michoro kuliko kupima nguo na kuhesabu fedha. Mwaka 1766 alijiunguza vibaya alipokuwa akitengeneza fataki za kusherehekea kufutwa kwa kodi ya stempu. Huo ulikuwa mwanzo wa uhusiano wake mrefu na moto.

Baada ya kutoka dukani alijaribu kusomea utabibu kwa daktari mmoja wa Woburn. Pamoja na rafiki yake Loammi Baldwin, alikuwa akitembea kwa miguu kwenda chuo cha Harvard kusikiliza mihadhara ya sayansi. Kisha akawa mwalimu wa shule katika mji wa Concord, New Hampshire, mji ambao zamani uliitwa Rumford. Hapo ndipo bahati yake ilipogeuka. Mwaka 1772, akiwa na miaka 19, alimwoa Sarah Walker Rolfe, mjane tajiri aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 10. Ndoa hiyo ilimwinua kutoka mwalimu maskini hadi kuwa mwenye mashamba, na gavana wa koloni akampa cheo cha meja katika jeshi la wenyeji. Mwaka 1774 walijaliwa binti, naye akaitwa Sarah kama mama yake.

Vita, Upelelezi na Ukimbizi

Cheo hicho kilimletea maadui. Maafisa waliokuwa wametumikia kwa miaka mingi walikasirika kuona kijana asiye na uzoefu akipandishwa juu yao. Isitoshe, upepo wa uasi dhidi ya Uingereza ulikuwa umeanza kuvuma, na Thompson akashukiwa kuwa upande wa mfalme. Mwishoni mwa mwaka 1774, alipopata habari kwamba kundi la watu lilikuwa likija kumvamia, alipanda farasi akakimbia. Alimwacha mke na mtoto mchanga. Mke huyo aliishi hadi mwaka 1792 na hawakuishi pamoja tena.

Shuku za wenzake zilikuwa na msingi. Thompson aliwapelekea wakuu wa jeshi la Uingereza habari za majeshi ya waasi, na barua yake moja ya mwaka 1775, iliyoandikwa kwa wino usioonekana, imehifadhiwa hadi leo. Waingereza walipouhama mji wa Boston mwezi wa Machi 1776, yeye alikuwa ameshachagua upande wake, na punde akawasili London. Huko aliajiriwa katika ofisi iliyosimamia makoloni, akapanda ngazi haraka, na wakati uo huo akafanya majaribio ya baruti. Mwaka 1779 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya London.

Alirudi Marekani kwa muda mfupi kuelekea mwisho wa vita, safari hii akiwa kamanda wa kikosi cha wapanda farasi wa mfalme. Katika mji wa Huntington, kisiwani Long Island, askari wake walijenga ngome juu ya makaburi ya wenyeji. Inasimuliwa kwamba mawe ya makaburi yaliondolewa na kujengewa matanuri ya mikate, na kwamba mikate ilitoka motoni ikiwa na maandishi ya marehemu, yamepigwa chapa kinyume. Hatuwezi kumsimulia Rumford kama mfadhili wa maskini tukalificha tanuri hili. Mkono uliokuja kuwajengea maskini majiko ndio uliosimamia kazi hiyo.

Munich: Jiko Linazaliwa

Vita vilipokwisha hakuwa na nchi ya kurudia. Mwaka 1784 Mfalme George wa Tatu alimtunukia cheo cha heshima, kisha Thompson akaelekea Bavaria kumtumikia mtawala wa huko, Karl Theodor. Alikaa katika mji wa Munich takriban miaka 11, akapewa madaraka makubwa juu ya jeshi, polisi na mambo ya maskini.

Aliwakuta askari wakilipwa kidogo, wakivaa vibaya na kula vibaya. Alitaka kuwavisha bila kuongeza gharama, ndipo akaanza kuchunguza ni vitambaa vipi vinavyohifadhi joto la mwili. Alitaka kuwalisha, ndipo akaanza kuchunguza kuni zinakwenda wapi. Udadisi wake wa kisayansi na mahitaji ya hazina ya mtawala vilikwenda sambamba.

Tarehe 1 Januari 1790 aliwatoa maafisa na askari mitaani kuwakamata ombaomba wa Munich. Zaidi ya watu 2,000 waliandikishwa, wakapewa kazi ya kusokota na kufuma katika nyumba maalumu, na humo wakapewa chakula cha moto. Msomaji wa leo hawezi kukosa kuona ukali wa jambo hilo, kwani maskini hakuulizwa kama anataka kusaidiwa. Hata hivyo, walioingia humo walikula, na chakula chenyewe kilikuja kujulikana Ulaya nzima. Kilikuwa mchuzi mzito wa shayiri, mbaazi za Ulaya, viazi, siki na vipande vya mkate. Rumford aliamini hata maji yenyewe hugeuka lishe yakipikwa kwa muda mrefu. Katika hilo alikosea.

Kupikia watu wengi namna hiyo kulihitaji moto wa aina nyingine. Katika majiko ya wakati huo, moto uliwashwa wazi chini ya dohani pana, na vyungu vikaning'inizwa kwa minyororo juu yake. Nusu ya mwili wa mpishi iliungua huku nusu nyingine ikipata baridi. Rumford aliona kwamba sehemu kubwa sana ya joto ilikuwa ikipaa na kutoka juu pamoja na moshi bila kugusa chungu. Kwa maneno mengine, kuni nyingi zilitumika kupasha joto anga la Munich.

Suluhisho lake lilikuwa kulijenga jiko liwe sehemu ya nyumba. Waashi waliinua kiunzi kipana cha matofali, mara nyingi chenye umbo la kwato ya farasi, mpishi akasimama katikati. Juu ya kiunzi hicho yaliachwa matundu, na kila sufuria ikazamishwa katika tundu lake hadi karibu na ukingo. Chini ya kila sufuria palikuwa na moto wake mdogo, juu ya wavu wa chuma. Hewa iliingia kwa kimlango cha chini ambacho mpishi aliweza kukifungua au kukibana. Moshi ulizungushwa kuizingira sufuria kabla ya kuachiliwa kuingia dohani, ili usiondoke na joto ambalo lingeweza kupika. Matofali mazito yaliuzuia moto usimpige mpishi. Asiyehitaji sufuria ya tatu hakuwasha moto wa tatu.

Kwa lugha nyepesi, alifanya mambo manne: aliufunga moto, aliigawa kazi yake, aliitawala hewa yake, na aliuchelewesha moshi wake. Majiko mengi yaliyokuja baadaye, ya kuni, ya makaa na hata ya gesi, yamejengwa kwa kuzingatia moja au zaidi ya kanuni hizo. Katika safari yake ya Italia ya mwaka 1793 na 1794 alijenga upya majiko ya hospitali mbili za mji wa Verona kwa namna hiyo hiyo.

Bavaria ilimlipa heshima. Alipotunukiwa cheo cha kikabaila katika Dola Takatifu la Roma, alitakiwa achague jina la kuambatanisha na cheo hicho. Alichagua Rumford, jina la zamani la mji wa Concord, mji uliompa mke na mali, na uliomfukuza usiku.

London: Dohani na Maandishi

Mwaka 1795 alirejea London, mji uliokuwa umefunikwa na moshi wa makaa ya mawe. Nyumba za wakubwa kwa wadogo zilikuwa na mahali pa moto palipotoa moshi mwingi ndani na joto kidogo. Rumford hakuhitaji kubomoa nyumba. Alipunguza upana wa koo la dohani, akazisogeza kuta za kando zikawa mshazari ili zirudishe joto chumbani, na akaufanya uwazi wa nyuma usiwe na kina kirefu. Fundi mmoja aliweza kuikamilisha kazi hiyo kwa muda mfupi na kwa matofali machache. Matajiri wa London waligombania huduma yake, na jina lake likawa jina la mahali pa moto penyewe.

Aliandika insha nyingi kuhusu dohani, chakula cha maskini, majiko na vyombo vya kupikia. Insha yake ya kumi, iliyotoka kwa sehemu kuanzia mwaka 1799, ilihusu majiko ya kujengwa. Alieleza unene wa ukuta, ukubwa wa wavu, umbo la mfuniko na mahali pa kuweka kimlango cha hewa. Aidha, alibuni tanuri la silinda ya chuma lililozamishwa ndani ya matofali kwa ajili ya kuoka nyama, na akachunguza vyombo vya kutayarishia kahawa, kinywaji alichotaka kiwe mbadala wa pombe. Hakusajili hataza ya uvumbuzi wake wa jikoni. Yeyote aliyetaka kuuiga alikuwa huru.

Mwaka 1799, pamoja na Joseph Banks na wengine, alianzisha Royal Institution mjini London. Aliitaka iwe mahali ambapo fundi na mwenye nyumba wangekuja kuona vifaa bora kwa macho yao, na jiko la mfano likajengwa humo. Mwaka 1801 aliajiriwa kijana mwanakemia, Humphry Davy. Mihadhara ya Davy iliwavutia watu wa tabaka la juu, na taasisi ikaelekea kwenye sayansi ya maabara na kuliacha kando lengo la mafundi. Rumford aligombana na wenzake akaondoka London mwaka 1802.

Moto ni Nini?

Hatuwezi kuyasimulia maisha yake bila kutaja swali lililomsumbua jikoni na nje ya jiko. Wanasayansi wengi wa wakati huo, wakimfuata Mfaransa Antoine Lavoisier, waliamini kwamba joto ni kitu, mfano wa maji yasiyo na uzito, nao walikiita kaloriki. Katika kiwanda cha silaha cha Munich, Rumford aliona mizinga ikitobolewa kwa chuma na kupata joto jingi. Aliuzamisha mzinga ndani ya maji, akaifanya mashine izungushwe na farasi, na baada ya takriban saa 2 na nusu maji yakachemka bila moto wowote. Kama joto lingekuwa kitu kilichofichwa ndani ya chuma, lingekwisha. Halikuisha muda wote farasi walipokuwa wakizunguka. Mwaka 1798 aliwasilisha hoja yake mbele ya Royal Society kwamba joto ni mwendo. Iliwachukua wanasayansi karibu nusu karne kukubaliana naye.

Jiko na Wenye Kulipika

Baada ya sifa zote hizo, inafaa tuulize: je, maskini alipata jiko? Jibu ni kwamba alipata mchuzi, na jiko likamkosa. Kiunzi cha matofali kilihitaji mwashi hodari, nafasi kubwa na fedha. Kilifaa hospitali, kambi na nyumba za mabwana. Mpangaji wa chumba kimoja hakuwa na mahali pa kukiweka, na hakuwa na ruhusa ya kuubomoa ukuta wa mwenye nyumba. Pia jiko hilo lilimtaka mpishi ajue kuitawala milango na mioto mingi kwa pamoja, na mvumbuzi, aliyepima kila kitu kingine, hakuipima kazi ya mpishi huyo. Alihesabu kuni. Hatua na saa za mwanamke aliyesimama katikati ya kwato ile ya farasi hazikuingia katika jedwali lake.

Waliouchukua uvumbuzi huo ni mafundi wa chuma. Mwaka 1802 George Bodley wa Exeter alisajili hataza ya jiko la chuma lililofunikwa juu, ambalo moto wake mmoja ulitumikia vyombo kadhaa. Majiko kama hayo yalipungukiwa na ustadi wa Rumford wa kuhifadhi joto, lakini yaliweza kutengenezwa kiwandani na kuuzwa. Katika miaka ya 1830 Mwingereza James Sharp alianza kuunda majiko ya gesi huko Northampton. Mwaka 1926 msanifu majengo Margarete Schütte-Lihotzky alibuni jiko la Frankfurt, chumba kidogo ambamo meko, sinki, kabati na meza vilijengwa pamoja kwa kuzihesabu hatua za mpishi. Takriban majiko 10,000 ya namna hiyo yalijengwa katika nyumba za wafanyakazi. Yeye naye alikiri baadaye kwamba alipoubuni mpango huo hakuwa amewahi kupika wala kuendesha nyumba.

Kwetu Kenya suala hili lilipata msukumo mpya baada ya mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu nishati uliofanyika Nairobi mwaka 1981. Katika miaka hiyo ya 1980 jiko la makaa lenye utando wa udongo uliochomwa lilienea mijini. Vijijini, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilishirikiana na Wizara ya Nishati na wafadhili wa Kijerumani kueneza jiko la kuni lililoitwa Maendeleo, ambalo baadaye liliitwa Upesi. Jiko hilo ni kiini cha udongo uliochomwa, ambacho mwenye nyumba hukinunua kisha akakijengea kwa udongo na mawe ndani ya jiko lake. Hapo lile tatizo lililomshinda Rumford lilipata ufumbuzi. Sehemu inayohitaji vipimo huundwa na mfinyanzi, na sehemu inayohitaji kufuata nyumba na kimo cha mpishi huachiwa mpishi mwenyewe.

Aidha, katika maeneo ya Wakalenjin liko jiko la udongo la kienyeji liitwalo chepkube. Kuni huingizwa mdomoni, sufuria hukaa juu ya matundu, pana mahali pa kuweka chakula kisipoe, pa kukausha kuni, na hata pa kuwatia joto vifaranga. Rumford angelistaajabia, kwani yeye aliyechukia kupoteza joto hakuwahi kufikiria vifaranga.

Paris na Mwisho wa Maisha Yake

Rumford alipotoka Uingereza alihamia Paris. Huko alikutana na Marie-Anne, mjane wa Lavoisier yule yule ambaye nadharia yake ya joto alikuwa ameipinga, na ambaye alikatwa kichwa wakati wa mapinduzi mwaka 1794. Walioana mwezi wa Oktoba 1805. Bibi huyo alikuwa msomi aliyeshiriki kazi za marehemu mumewe, naye alipenda wageni na mazungumzo. Rumford alipenda kimya, mpangilio na bustani yake. Inasemekana kwamba siku moja alifunga lango ili wageni wa mkewe wasiingie, naye mkewe akayachukua maji yanayochemka akayamwagia maua ya mumewe. Mtu aliyeyatumia maisha yake kutafuta njia rahisi ya kuchemsha maji alilipwa kwa maji hayo hayo. Walitengana mwaka 1809.

Miaka yake ya mwisho aliipitisha Auteuil, karibu na Paris, akiendelea na majaribio ya mwanga na joto. Binti yake Sarah, ambaye alikutana naye tena Ulaya mwaka 1796 akiwa mwanamke mzima, alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki karibu naye. Alifariki tarehe 21 Agosti 1814, akiwa na miaka 61, akazikwa huko huko Auteuil. Katika wasia wake alikiachia chuo cha Harvard mali ya kuanzisha kiti cha uprofesa, chuo kile ambacho ujanani alikiendea kwa miguu bila kuwa mwanafunzi wake.

Hitimisho

Maisha ya Rumford yanatuachia sura mbili ambazo hatuwezi kuzitenganisha. Alikuwa mpelelezi aliyewasaliti majirani zake na mume aliyemwacha mkewe. Alikuwa pia mtu aliyelitazama jiko, chumba kilichodharauliwa na wasomi wa wakati wake, kama mahali panapostahili fikra nzito. Tukimsifu bila kumhukumu tutakuwa tumepotoka, na tukimhukumu bila kukiri deni letu kwake tutakuwa hatujafanya haki.

Deni hilo bado halijalipwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi na hewa chafu ya majumbani ilihusika na vifo takriban milioni 3.2 duniani, na kwamba watu wapatao bilioni 2.1 wangali wanapikia moto wa wazi au majiko yasiyofaa. Maarifa ya kuufunga moto yamechapishwa kwa zaidi ya miaka 200. Kilichokosekana katika nyumba nyingi si maarifa hayo. Ni mtu wa kukaa na mpishi, amuulize anasimama wapi na anapika nini, kisha wajenge pamoja.

Akina mama waliokuja kwa bibi yetu Plateau hawakuwa wamelisikia jina la Rumford. Kabla ya kuuchanganya udongo walimtaka bibi asimame mahali alipozoea kupikia, wakakipima kimo cha jiko kwa kiuno chake. Bibi alikitumia kile walichomjengea hadi alipofariki. Kikohozi hakikumwachia kabisa, kwa maana jiko lilichelewa kufika.